Kelele, Ukubwa na Diski: Mashine za Michezo ya Video Zikitazamwa Kutoka Mbulu na Hanang

Historia ya mashine za michezo ya video, ambayo Watanzania huiita kwa kifupi gemu, huandikwa kwa kawaida kutoka Japani na Marekani zilikobuniwa. Hata hivyo, tabia halisi ya mashine hizo hudhihirika katika maeneo kama wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara, ambako vumbi la kiangazi, hewa nyepesi ya miinuko na umbali wa masoko huyaweka kwenye mizani maamuzi ya wahandisi kuhusu mambo matatu yanayovutana: kelele ya mashine, ukubwa wake, na chombo cha kuhifadhia mchezo.

Mvutano huo una mizizi ya zamani kuliko gemu zenyewe, kwani ulionekana tayari kwenye sinema. Kati ya mwaka 1935 na 1937, jaribio la sinema ya elimu lililokuwa na makao Vugiri, katika milima ya Usambara, lilitengeneza filamu zipatazo 35 na kuzizungusha Tanganyika na nchi jirani kwa lori lililobeba projekta na jenereta. Kwa kuwa kuchapa sauti kwenye filamu yenyewe kulikuwa ghali, waandaaji walitumia filamu ya milimita 16 na kuiweka sauti kwenye santuri, yaani sahani za gramafoni. Gharama ilishuka, lakini kazi ya kuoanisha sauti na picha ilimwangukia mwendesha mashine.

Gemu za nyumbani zilihitaji televisheni, na vituo vya kwanza vya televisheni Tanzania Bara vilianza mwaka 1994, mwaka uleule ambao Sony ilitoa PlayStation nchini Japani. Mashine hiyo ilisoma diski za CD zenye nafasi ya megabaiti 650 hivi, ilhali mpinzani wake wa mwaka 1996, Nintendo 64, ilibaki na katriji, kasha dogo lenye chipu za kumbukumbu, ambalo kubwa kabisa lilibeba megabaiti 64. Katriji haikuwa na kitu cha kuzunguka, hivyo ilikuwa kimya na ilistahimili vumbi, lakini utengenezaji wake ulikuwa ghali. Diski ilikuwa rahisi na yenye nafasi kubwa, lakini ilihitaji mota na lenzi, ambayo ikishikwa na vumbi hushindwa kusoma.

PlayStation 2 ya mwaka 2000 ilihamia kwenye DVD, na mwaka 2004 ikatolewa kwa umbo jembamba, baada ya kifaa cha kubadili umeme kutolewa nje ya kasha na nafasi ya diski kuu, yaani hifadhi ya ndani ya data, kuondolewa. Wembamba huo ulirahisisha usafirishaji, lakini mashine yoyote yenye feni huvuta vumbi pamoja na hewa. Tena, katika kimo cha mita 1,700, kama ilivyo katika sehemu nyingi za miinuko ya Mbulu, msongamano wa hewa hupungua kwa takriban asilimia 15 ukilinganishwa na pwani, hivyo feni huhitaji kasi zaidi, na kelele zaidi, kuondoa joto lilelile, ingawa ubaridi wa miinuko hufidia sehemu ya upungufu huo.

Xbox 360 ya mwaka 2005 ililalamikiwa kwa ngurumo ya kisoma diski chake, hadi sasisho la Novemba 2008 lilipowezesha mchezo kunakiliwa kwenye diski kuu. PlayStation 5 ya mwaka 2020, yenye kimo cha sentimita 39, ilipata utulivu wake kwa kuongeza ukubwa, na toleo lake moja likaacha diski kabisa, mchezo ukipakuliwa kwa intaneti.

Katika hatua zote hizi mzigo haukuondolewa bali ulihamishwa: kutoka kwenye bei ya chipu hadi kwenye lenzi, kutoka kwenye lenzi hadi kwenye feni, na sasa hadi kwenye bando la mteja. Diski iliyonunuliwa mara moja huweza kuazimwa na kuuzwa tena kutoka Katesh wilayani Hanang hadi Haydom wilayani Mbulu, ilhali mchezo uliopakuliwa hufungwa kwenye akaunti ya mnunuzi wake. Uhuru huo wa kuazimana ni thamani halisi kwa mchezaji wa kipato kidogo, na unastahili kuhesabiwa pamoja na kelele na ukubwa kila mashine mpya inapobuniwa.