17296 na Rafiki Yake

Saumu ikikubana alasiri na magharibi bado i mbali, chukua kalamu na karatasi tufanye hesabu kidogo.

Andika 220. Sasa tafuta nambari zote ndogo kuliko hiyo zinazoigawa bila kubakisha kitu: 1, 2, 4, 5, 10, 11, 20, 22, 44, 55 na 110. Zijumlishe, utapata 284. Fanya vivyo hivyo kwa 284: 1, 2, 4, 71 na 142. Jumla yake? 220! Kila moja yamzaa mwenziwe. Ndio maana Wagiriki wa kale waliziita nambari marafiki. Lakini jozi ya pili hawakuiacha.

Katika karne ya 9, Thabit ibn Qurra alikuwa Baghdad. Yeye hakubahatisha, alitoa kanuni na kuithibitisha. Tuijaribu. Shika 8 na 16, ambayo ni 8 mara mbili. 3 mara 8, toa 1, ni 23. 3 mara 16, toa 1, ni 47. 9 mara 8 mara 16, toa 1, ni 1151. Zote tatu ni nambari tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Basi 16 × 23 × 47 ni 17296, na 16 × 1151 ni 18416. Hao ni marafiki! Ukianza na 4 na 8 itagoma, kwa sababu utapata 287, nayo ni 7 × 41.

Jozi hii ilijulikana kwa Kamal al-Din al-Farisi wa Iran na Ibn al-Banna wa Marrakesh, yapata mwaka 1300. Ulaya, Fermat aliipata 1636, na vitabu vingi vikampa yeye sifa. Kubwa zaidi, 9,363,584 na 9,437,056, huitwa ya Descartes (1638), ingawa Muhammad Baqir Yazdi wa Iran naye aliipata.

Hapa wengi wetu twapiga kifua: "Waislamu ndio walioanza!" Pole pole, ndugu yangu. Thabit hakuwa Mwislamu, alikuwa Msabai wa Harran. Baghdad ilimpokea kwa elimu yake, na hiyo pia ni sifa. Tena Ibn Khaldun ataja watu waliotumia 220 na 284 kwa hirizi za mapenzi. Wengine walithibitisha, wengine wakafunga hirizi. Sisi tu wapi?

Mwaka 1866 kijana wa Kiitaliano wa miaka 16, Nicolò Paganini, alipata 1184 na 1210, jozi ndogo iliyowapita mabingwa wote. Na mpaka leo hakuna aliyethibitisha kama jozi hizi zina mwisho.

Kujisifia mababu hakutoi jibu la hesabu. Kabla ya adhana, jaribu 1184 mwenyewe. Bila kalkuleta!

Wabillahi tawfiq.