Helikopta ya injini moja iliyotumika: ununuzi wake Lubumbashi

Helikopta ya injini moja inayonunuliwa kwa kazi za Lubumbashi, iwe kubeba abiria au mizigo, hupimwa kwanza kwa hewa ya mahali. Uwanja wa ndege wa Luano uko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijashika, joto la alasiri hupita nyuzi 30. Joto likifika nyuzi 32 hewa huwa nyepesi mno, na helikopta huhangaika kama iliyo mita 2,200 hivi. Mashine iliyopaa vizuri Durban, ufukweni mwa bahari, huenda ikashindwa kuinuka Luano na abiria walewale. Majedwali ya mtengenezaji yasomwe kwa kimo na joto la huku.

Robinson R44 ni ya bei nafuu na ina viti 4, lakini hutumia petroli ya ndege, ambayo ni adimu katika sehemu kubwa ya Afrika. Zinazofaa zaidi ni za turbaini, zinazotumia mafuta ya Jet A-1. Bell 206 JetRanger ina viti 5 pamoja na cha rubani. AS350 Écureuil ina 6, na aina yake ya B3 huruhusiwa kuning'iniza hadi kilo 1,400 kwenye ndoano. B3 ndiyo iliyotua kileleni Everest tarehe 14 Mei 2005. Kwa nchi ya juu kama Katanga, ziada hiyo ya nguvu ina thamani kuliko rangi mpya na viti vya ngozi.

Thamani yenyewe imo madaftarini. Vipuri vikuu vina umri uliowekwa, kwa saa za kuruka, kwa miaka, au kwa mizunguko ya kuwashwa na kuzimwa injini. R44 hufumuliwa na kuundwa upya kila saa 2,200 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Basi iliyoruka saa 600 tu katika miaka 11 imebakiwa na mwaka mmoja, hata kama inang'aa. Kipuri chenye ukomo kisicho na historia iliyoandikwa huhesabiwa kuwa kimekwisha, na gharama yake hutolewa kwenye bei.

Injini huchunguzwa ndani kwa kamera nyembamba. Vumbi jekundu la viwanja vya udongo husaga ncha za vile vya kompresa hadi vikawa butu, nguvu ikapungua bila dalili ya nje. Fundi anayekagua awe wa mnunuzi, asiye na uhusiano wowote na muuzaji.

Usajili wa zamani hufutwa katika nchi ilikotoka mashine, kisha mamlaka ya usafiri wa anga ya Kongo, AAC, huisajili upya na kutoa cheti cha kuruka. Abiria wa kulipa huhitaji pia cheti cha mwendeshaji. Umiliki peke yake hautoshi. Anayelenga migodi ya Kolwezi au Fungurume aulize mapema masharti ya mteja, kwa kuwa baadhi ya kampuni hufuata kigezo cha BARS cha Flight Safety Foundation, na nyingine hukataa injini moja kabisa.

Muuzaji akikataa injini isipimwe nguvu, au akiwa na daftari lenye kurasa zilizopotea, mashine yake isinunuliwe kwa bei yoyote.