Mavazi ya Safari za Majini Katika Nyanza Kusini

Mtu aliyetaka kusafiri kwa meli kutoka Kisumu kwenda Homa Bay katika zama za ukoloni alikuwa na mambo mawili ya kuyapima kabla ya kushuka gatini: nauli yake na nguo zake. Nauli ilitajwa na karani wa tikiti kwa neno moja. Habari ya nguo haikuwa na karani, wala haikubandikwa ukutani. Hata hivyo kila msafiri aliijua, kama mtoto ajuavyo pahali pa kukaa mbele ya wazee bila ya kuambiwa. Insha hii yaeleza desturi hiyo ilitoka wapi, ilimfaa nani, na ilimzuia nani.

Nchi tunayoitaja ni ile iliyoitwa zamani Kavirondo Kusini, kisha Nyanza Kusini. Upande wake wa ziwani leo umo katika kaunti za Homa Bay na Migori. Bandari zake ni Kendu Bay na Homa Bay katika Ghuba ya Winam, Mbita penye mlango wa ghuba, visiwa vya Rusinga na Mfangano, na Karungu upande wa kusini, si mbali na mpaka wa Tanzania. Kabla ya barabara njema kutengenezwa, maji ndiyo yaliyokuwa njia kuu ya pamba, ngozi, mahindi, barua na watu.

Msomaji asidhani kwamba adabu ya mavazi ililetwa na meli. Mvuvi wa Rusinga aliingia mtumbwini karibu uchi, na hapana aliyemwona mpumbavu, kwa kuwa maji hayataki nguo. Lakini mtu yule yule alipokwenda kwenye matanga ya mzee mashuhuri alivaa kofia ya manyoya ya mbuni na meno ya kiboko, akachukua ngao na mkuki, akawa mtu wa kutazamwa. Mwanamke wa Kijaluo aliyeolewa alifunga nyuma yake mkia wa nyuzi, uitwao chieno, na kuonekana bila ya mkia huo ilikuwa aibu kubwa. Wageni waliouona mkia huo waliudhani kuwa ni uchi. Wenyewe waliujua kuwa ni stara. Basi watu wa ziwani walikwisha jua kwamba vazi hufuata shughuli na cheo. Lililokuwa geni kwao ni kwamba mtu mwingine ndiye atakayepanga shughuli na vyeo.

Nguo ya kufumwa ilitangulia meli. Ilipanda bara kutoka pwani mikononi mwa wafanya biashara, nao Wajaluo waliwaita wageni hao jonanga, yaani watu wa nguo. Baadaye jina hilo liliwahamia vijana wa misheni. Mwaka 1906 Mwadventista Arthur Carscallen, pamoja na Peter Nyambo aliyetoka nchi iitwayo leo Malawi, walivuka ghuba kutoka Kisumu wakaanza kazi Gendia, karibu na Kendu Bay. Walifundisha kusoma, na kusoma kulikwenda pamoja na shati na kaptura. Kwa muda wa miaka michache nguo ikawa alama ya kuonyesha mtu yuko upande gani.

Mfano ulio wazi ni wa Hussein Onyango Obama, mtu wa upande wa Kendu Bay, babu yake Barack Obama aliyekuwa rais wa Marekani tangu 2009 hadi 2017. Habari zake zimesimuliwa katika kitabu cha mjukuu wake kilichotoka 1995. Alipokuwa kijana alikwenda kukaa karibu na Wazungu, akarudi kwao amevaa suruali ndefu, shati na viatu. Viatu ndivyo vilivyowatia watu shaka kuliko vyote, maana viliificha miguu, na kilichofichwa huhesabiwa kuwa kibovu. Baba yake aliwaonya ndugu zake wasimkaribie. Kijana huyo baadaye akawa mpishi wa Wazungu kwa miaka mingi, na ukali wake katika usafi wa nyumba na wa meza ukawa hadithi katika jamaa yake.

Sasa tuzitazame meli zenyewe. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Wakati huo meli ndogo William Mackinnon ilikuwa imekwisha shushwa majini tangu 1900. Ilijengwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Mombasa, ikapandishwa bara, ikaungwa upya ziwani. Ikafuatwa na Winifred mwaka 1902, Clement Hill iliyoanza kazi 1907, kisha Usoga na Rusinga, ambayo ilipewa jina la kisiwa cha Nyanza Kusini. Vyuma hivyo havikuja peke yake. Vilikuja na sheria za bahari, na ili tuzielewe hatuna budi kushuka Mombasa kwa kitambo.

Katika meli kubwa zilizotoka Uingereza kuja Afrika Mashariki, kama zile za Union-Castle na British India, abiria wa daraja la kwanza walibadili nguo jioni kabla ya chakula. Mwanamume alivaa koti jeusi la jioni, shati jeupe lililopigwa pasi likakakamaa, na tai ya kipepeo. Mwanamke alivaa gauni refu. Usiku wa kwanza ulisamehewa, kwa sababu masanduku yalikuwa hayajafunguliwa. Usiku wa mwisho ulisamehewa pia, kwa sababu yalikuwa yamekwisha fungwa. Hata masanduku yalikuwa na vyeo: lililobandikwa karatasi ya kwamba latakiwa safarini lilipelekwa karibu na mwenyewe, na lisilotakiwa lilitumbukizwa ngamani mpaka mwisho wa safari. Port Said abiria walishuka kununua chepeo ngumu za kukinga jua katika duka la Simon Artz. Meli ilipoingia katika joto la Bahari ya Sham, maofisa waliacha sare za buluu wakavaa nyeupe, na iko desturi iliyowaruhusu wanaume kula bila ya koti, kwa shati na mshipi mpana wa kiunoni. Naam, hata ulegevu ulikuwa na kanuni yake!

Katika madaraja ya chini ya meli hizo hizo, hapana aliyedaiwa koti la jioni. Kwa hiyo vipimo vya mavazi vilikuwa viwili: daraja la tikiti na urefu wa safari. Kadiri safari ilivyokuwa ndefu, watu walizidi kuzoeana na kutazamana, na jioni ikataka kupambwa. Kadiri ilivyokuwa fupi, sanduku halikustahili taabu ya kufunguliwa. Mimi naona kuwa kipimo cha pili kina haki yake, kwani kilitoka katika hali ya safari. Cha kwanza kilitoka kwingine.

Desturi hizo zilipopanda ziwani zilipunguzwa, hazikufutwa. Safari ya kulizunguka ziwa, kupitia bandari za Uganda, Bukoba, Mwanza na Musoma, ilichukua siku kadhaa. Wazungu wengi waliokuwa likizoni waliifanya kuwa mapumziko, na ndani yake kulikuwa na vyumba vya kulala na meza zilizotandikwa vitambaa. Safari ya ghuba, yaani ya Kendu Bay na Homa Bay, ilikuwa ya saa chache, katikati ya marobota ya pamba na kuku waliofungwa miguu. Bwana Shauri aliyekwenda Homa Bay alivaa kaptura ya kaki na soksi ndefu, na hapana aliyemlaumu. Angalifunga tai ya kipepeo kwa safari ya Kendu Bay, hata Wazungu wenziwe wangalimcheka.

Lakini daraja lilikuwa jambo jingine. Kama ilivyokuwa katika mabehewa ya reli, la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, na la tatu la Waafrika. Tikiti haikuandikwa rangi ya mtu. Mshahara, mazoea na jicho la mkaguzi vilifanya kazi hiyo. Daraja la tatu lilikuwa sitaha, pamoja na mizigo na upepo. Msidhani kwamba huko watu walisafiri na matambara. Mtu aliyekwenda kumwona ndugu hospitalini, au kumpeleka mtoto shuleni, au kusimama mbele ya hakimu, alivaa nguo yake iliyo bora: kanzu nyeupe kwa mwanamume, na kwa mwanamke wa Kiislamu wa Kendu Bay, leso mbili. Kanzu nyeupe na moshi wa dohani havipatani, na mwenye busara aliikunja kanzu ndani ya mkoba akaivaa bandari ilipoonekana. Kwa hiyo abiria wa daraja la tatu naye alikuwa na wakati wake wa kubadili nguo, ila hakuwa na chumba cha kubadilia.

Mwafrika aliingia katika chumba cha kulia cha daraja la kwanza kwa vazi moja tu: kanzu nyeupe iliyofuliwa ikang'aa, mshipi mwekundu kiunoni, tarbushi kichwani, na sinia mkononi. Vazi hilo lilikuwa zuri kuliko la abiria wengi, lakini lilikuwa mali ya mwajiri, na wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Hapa ndipo penye fundo la habari hii. Kijana wa Gendia aliyejinunulia suruali, viatu na tai kwa mshahara wake alikuwa ametimiza kila sharti la mavazi ambalo daraja la kwanza lilidai kwa safari ya mchana. Hata hivyo suruali haikumpandisha ngazi, na Wazungu wengi walimcheka kuwa ajifanya Mzungu, hali walimpenda mtumishi mwenye kanzu. Alikuwa ameshukiwa na wazee wake kwa ajili ya nguo zile zile. Kanuni iliyosema kwamba mtu avae hivi ili aingie hapa ilikuwa kweli kwa baadhi ya watu, na kwa wengine ilikuwa udhuru.

Mambo yaligeuka upesi. Meli Victoria, iliyojengwa Scotland na kuungwa Kisumu, ilianza kazi 1961, mwaka ule Tanganyika ilipopata uhuru. Uganda ilifuata 1962 na Kenya 1963. Victoria ilikuwa na madaraja matatu kama meli za kabla yake, lakini sasa aliyekuwa na nauli alilala atakapo. Ajabu ni kwamba mabwana wapya wengi walichagua suti nzito, kuliko kaki ya mabwana wa zamani. Tom Mboya, ambaye kwao ni Rusinga, alijulikana kwa suti zilizomkaa vizuri. Oginga Odinga wa Bondo, ng'ambo ya ghuba, alijulikana kwa koti lisilo na ukosi na kofia ya shanga. Walikuwa viongozi katika serikali moja, na kila mmoja alilijibu swali la gatini kwa namna yake. Swali lenyewe halijazeeka: Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, meli ziligawanywa, na Victoria ikawa ya Tanzania. Upande wa Kenya safari za ghuba zilififia, na barabara ikawachukua abiria wa Homa Bay na Migori.

Katika bahari za mbali mabishano ya koti la jioni yanaendelea. Kampuni ya Cunard ingali inatenga usiku wa kuvaa rasmi katika safari zake ndefu, hali Norwegian Cruise Line iliacha kulazimisha desturi hiyo tangu 2000. Ziwani kwetu kanuni imetoka katika msiba. Tarehe 21 Mei 1996 meli Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa maji. Leo abiria wa mashua ya kutoka Mbita kwenda Mfangano, awe na suti au kanzu, hutakiwa kuvaa juu yake jaketi la kuokolea maisha, nalo hufungwa kifuani kabla ya injini kuwashwa.