Safu ya lugha: BARZA

Kisiwani Lamu, baraza la nyumba ni benchi la mawe na chokaa, mlangoni, mahali pa kahawa na habari. Kiswahili cha Kongo kimelifupisha neno likawa barza, na maana ikasogea: ni ukumbi wa wazi mbele ya nyumba. Wazee wa makabila ya Kivu Kaskazini nao walikiita chombo chao cha usuluhishi Barza, maana maneno mazito husemwa nje, mbele za watu.

Sasa, mtu wa Mubi, katika eneo la Walikale huko Kivu Kaskazini, anayetaka barza ya mbao aijenge kwa mti gani?

Mkaratusi wa eneo jirani la Masisi hupatikana upesi, lakini ukikauka hujipinda na kupasuka. Walikale ni nchi ya msitu, na mti wa kutafuta ni mvule, ambao wafanyabiashara wa mbao Kongo huuita kambala. Moyo wake wa kahawia hauliwi na mchwa kirahisi. Sehemu yake nyeupe ya nje, iliyo chini ya gome, huliwa, na hapo ndipo mnunuzi hupunjwa. Seremala anaujua pia kwa ubishi wake: ndani hujificha vijiwe vya chokaa vinavyoyatia ubutu meno ya msumeno.

Mbao zisibanwe, mwanya mdogo kati yake hupitisha maji ya mvua. Nguzo zisizikwe udongoni, zikae juu ya mawe au saruji. Na kabla ya kulipa, geuza kila ubao utazame kingo zote mbili: penye weupe, kataa.