Ubusoka: Jinsi Wazee wa Unyakyusa Walivyowaachia Vijana Nchi

Msafiri atokaye Tukuyu kwenda Mbeya hupita Kyimo, karibu na mlima Rungwe, naye huona nyumba zimesitirika katika migomba, kila mtu na shamba lake. Hapo kale makao hayakuwa hivyo. Mtoto wa kiume wa Wanyakyusa, apatapo miaka 10 au 11, aliacha kulala kwa baba yake, akajenga kibanda pembeni pamoja na wavulana wa rika lake. Chakula walikula kwa mama zao, kundi zima likizunguka nyumba hata nyumba. Lakini kijiji kilikuwa chao, na humo ndimo walimooa na kuzeeka pamoja.

Basi vijana hao walipokuwa watu wazima, mara moja tu katika kizazi, ilifanywa sherehe iitwayo ubusoka. Neno hili latokana na kusoka, yaani kutoka. Wala si sawasawa na kutawazwa kwetu, kwa kuwa hakutawazwa mtu mmoja, bali rika zima lilitoka pamoja na wana wa malafyale, yaani chifu, nayo nchi ikagawanywa. Mioto ya zamani ilizimwa yote. Mganga alipekecha moto mpya, na kila nyumba ikatwaa humo.

Hapa napenda msomaji atue kidogo. Malafyale mzee alikuwa yu hai bado. Wakuu wa vijiji, waitwao amafumu, ndio waliochagua amafumu wapya katika vijana, wala haikuwa kazi ya kurithiwa na mwana. Wazee walihamia kando ili vijana wapate ardhi. Na chifu mwenyewe hakutazamiwa kuishi siku nyingi baadaye. Sidhani kama kila chifu aliipokea siku hiyo kwa furaha. Hata hivyo nguvu ya desturi ilikuwa papo hapo: kijana hakuonywa kwa maneno tu kwamba sasa awe mtu mwingine, bali alipewa ardhi, moto na kazi ya uongozi, naye aliyempa alikuwa amekwisha mpisha njia.

Wajerumani waliishika nchi hii katika miaka ya 1890, kisha wakaja Waingereza. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya uchunguzi Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, waliikuta desturi ingali hai. Lakini kahawa ilikuwa imekwisha ingia. Mkahawa si kama maharagwe. Hudumu miaka mingi, na mtu aliyeupanda na kuungojea uzae haoni sababu ya kumwachia kijana mahali pake. Watu nao waliongezeka, ardhi ikawa haba. Sheria iliyoondoa vyeo vya machifu katika Tanganyika, mwaka 1963, ilikuta vijiji vya marika vimekwisha pungua sana, wala hakuna mtawala aliyekuwa ameamuru viachwe.