Kigae Ndani ya Pete

Nyumbani kwetu Masaka, sebuleni, kuna kabati la vioo ambalo mama hulifungua Krismasi na siku za wageni wazito tu. Ndani yake mna seti ya sahani alizopewa kwenye arusi yake mwaka 1994, birika la chai ambalo mfuniko wake ulivunjika ukaunganishwa kwa gundi, na vikombe sita ambavyo mimi sijawahi kuvinywea. Sisi watoto tulikula kwenye sahani za plastiki. Sikujua kwamba kabati hilo lingenisaidia kuelewa historia hadi darasa letu la Kiswahili lilipofunga safari ya Lamu, tukaingizwa katika chumba cha ndani cha nyumba ya karne ya 18.

Ukuta mmoja ulikuwa umejaa vishubaka vya chokaa, safu juu ya safu, kuanzia kiunoni hadi karibu na dari. Wenyeji wanaviita zidaka. Ndivyo Kiamu kinavyosema pale ambapo sisi tulifundishwa kusema vidaka. Humo zilipangwa bakuli na sahani za kauri kutoka China, na baadaye, katika karne ya 19, vyombo vya viwanda vya Ulaya, vikiwemo vya Maastricht, Uholanzi. Nilicheka peke yangu. Lilikuwa kabati la mama, ila limejengwa ukutani.

Lakini kulikuwa na tofauti. Linda Donley-Reid, aliyefanya utafiti Lamu, aliandika kwamba vyombo vile havikuwa pambo tupu. Viliaminika kuikinga nyumba na jicho la hasidi, na sahani ikipasuka ilidhaniwa imepokea shari iliyokusudiwa mtu. Pengine ndiyo sababu Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotaka kuonyesha katika Al-Inkishafi jinsi fahari ya Pate ilivyokwisha, hakusahau vishubaka vya vyombo: ndege wamevifanya makazi yao. Msomaji wa zama zake hakuhitaji maelezo. Nyumba ambayo zidaka zake ni tupu ilikuwa nyumba iliyokufa.

Kauri hizo zilifika kwa pepo za msimu. Jahazi lilikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na mzigo mwingi kutoka China ulipitia kwanza bandari za India na za Ghuba, ukibadilisha mikono njiani. Twiga wa Malindi aliyefikishwa China mwaka 1415 ndiye anayesimuliwa kila mahali, nami sina ugomvi naye, lakini biashara yenyewe ilikuwa ya wafanyabiashara wengi wasiotajwa popote, mwaka baada ya mwaka.

Huko Gedi, karibu na Watamu, James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948. Nyumba alizozifukua zilipewa majina kwa vitu vilivyookotwa humo: moja ni nyumba ya bakuli la kauri, nyingine ya mkasi, nyingine ya sarafu ya Kichina. Kirkman alitegemea sana kauri kukadiria umri wa mji. Njia yake inaeleweka: bakuli likijulikana lilitengenezwa karne ya 14, basi sakafu iliyomwagwa juu ya vipande vyake haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Hapo ndipo kabati la mama liliponitia wasiwasi. Kama nyumba yetu ingeanguka leo, anayechimba angekuta sahani za 1994 chini ya kifusi cha zaidi ya miaka 30 baadaye. Watu hutunza wanachokipenda. Bakuli linaweza kupita kwa bibi, binti na mjukuu kabla ya kuvunjika. Kwa hiyo kauri hutuambia mji hauwezi kuwa wa kabla ya lini. Haituambii kwa urahisi ni wa baada ya hapo kwa miaka mingapi.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Mwaka 1955 Mortimer Wheeler, mwanaakiolojia wa Uingereza, alitembelea Tanganyika akastaajabia wingi wa vigae vya Kichina, hata akaona kwamba historia ya nchi hiyo tangu karne ya 10 imeandikwa kwa kauri hizo. Maneno hayo yamerudiwa mno. Ukweli ni kwamba katika machimbo ya pwani vyombo vya kigeni ni sehemu ndogo. Vilivyo vingi mno ni vyungu vya udongo vilivyofinyangwa papo hapo na kupikiwa kila siku. Lakini nani hukusanya chungu chenye masizi? Mkusanyaji huokota kinachong'aa, kinachong'aa huwekwa nyuma ya kioo, na anayetazama kioo huondoka akiamini kwamba pwani ilijengwa na wageni. Wataalamu kama Felix Chami walihitaji miaka ya kazi kuonyesha, kwa kutumia vyungu hivyo hivyo, mizizi ya Kiafrika ya miji hii.

Ukusanyaji pia huacha mashimo, na hapa sisemi kwa mafumbo. Kwenye makaburi ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, sahani zilipachikwa katika nguzo na kuta. Nyingi zimebanduliwa. Zimebaki alama za duara kwenye chokaa.

Sasa niungame. Siku ya mwisho Lamu nilinunua pete. Masonara wa huko huchukua kigae cha kauri ya kale, wakakilainisha kingo na kukizungushia fedha. Yangu ina kigae cheupe chenye jani la buluu, dogo kama ukucha. Niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kununua. Kwenye basi la kurudi mhadhiri wetu aliitazama akauliza swali moja tu: “Kimeokotwa wapi?” Sikujua. Ufukweni, au kwenye magofu, au kaburini? Sonara sikumuuliza, na kigae kikishaingia katika fedha hakina tena sakafu wala ukuta wake.

Nilipofika nikasoma Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006. Inahesabu kuwa mambo ya kale kitu kilichotengenezwa Kenya au kilichoingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. Tazama neno “kilichoingizwa”. Bakuli lilifinyangwa China, lakini kwa sheria hiyo ni la Kenya, na nadhani ndivyo inavyostahili, kwa kuwa maisha yake marefu yalikuwa huku. Mpakani Busia niliulizwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Pete ilikuwa kidoleni.

Nimeandika barua ya kuuliza namna ya kuirudisha makumbusho. Barua bado iko kwenye daftari, kwa sababu nilimwonyesha mama pete nikamweleza yote niliyoyaandika hapa. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua kabati, na haikuwa Krismasi, akaitia pete ndani ya kikombe kimojawapo na kufunga kwa ufunguo. Alisema ikae pale kwanza, isije ikapotea.