Chai ya Mchango Katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Msomaji, ukitoka katikati ya mji wa Nairobi ukifuata Barabara ya Jogoo, iliyoitwa Donholm zamani za ukoloni, utapita Kaloleni na Makongeni mkono wa kuume, na ng'ambo ya reli utaona mabati ya Eneo la Viwanda. Katika mtaa wa Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940, umo ukumbi ambao wenyeji waliubandika jina la Bunge. Nataka ufikiri kidogo juu ya ukumbi huo na nyingine za namna yake, maana humo watu wa mshahara mdogo walizoea kuchanga fedha na kufurahi kwa wakati mmoja.

Desturi hiyo haikuanzia Kaloleni. Ngoma ya beni ilizaliwa pwani, na Vita Kuu ya 1914-1918 ikaieneza bara pamoja na majeshi na wapagazi. Wachezaji walivaa kama askari, wakajipa vyeo vya kizungu, wakashindana kwa nyimbo na karamu. Mtu asiyejua angesema ni upuzi mtupu. Lakini chama cha beni kilimzika mwanachama aliyefia ugenini, na kilimpokea mgeni asiye na jamaa mjini. Ngoma iliwaleta watu, na watu wakishafika walichanga.

Baadaye vikaja vyama vya watu wa nyumbani, kama Luo Union. Mmoja wa viongozi wake, Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi, aliuawa mwaka 1953. Wenzake walianzisha mfuko wa kumkumbuka, na fedha zake zikajenga ukumbi wenye jina lake huko Kisumu. Hapa Nairobi utalikuta jina hilo katika Ofafa Maringo na Ofafa Jericho. Huenda umelitamka mara nyingi bila kuuliza ni la nani.

Pima sasa uwezo wa hao waliochanga. Mwaka 1954 kamati ya serikali ya kikoloni, iliyoongozwa na Bwana Carpenter, ilitoa taarifa juu ya mishahara ya Waafrika. Iliona kwamba kadiri ya nusu ya wafanyakazi wa mijini walioajiriwa na makampuni, na robo ya wale wa serikali, hawakupata fedha za kutosha mahitaji ya lazima ya maisha. Mwaka huo huo, tarehe 24 Aprili, majeshi yaliuzingira mji katika msako ulioitwa Anvil, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatiwa kizuizini. Mikutano ya siasa ilibanwa sana. Basi usistaajabu kwamba kikombe cha chai kilikuwa jambo zito siku hizo.

Ukaja mwaka 1959. Tom Mboya, aliyekaa katika mtaa wa Ziwani, alizunguka Marekani akiomba nafasi za masomo. Fedha za ndege zilichangwa huko. Harry Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson walitia sahihi barua ya kuziomba. Lakini mwanafunzi hakuweza kwenda mikono mitupu, na fedha za matumizi zilitafutwa na jamaa zake hapa nyumbani, kwa karamu za chai, kwa dansa, na kwa michango ya vijijini. Fikiri juu ya mpakizi wa mizigo, mwili umejaa vumbi la saruji, akitoa shilingi mbili kwa ajili ya mtoto asiyemzaa. Mwezi wa Septemba mwaka huo wanafunzi 81 walitua New York. Mwaka 1960 akafuata msichana aliyekuja kujulikana kama Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2004.

Tarehe 1 Juni 1963 Mzee Kenyatta aliipa kazi hii jina la Harambee, na shule nyingi zikasimama kwa nguvu zake. Sitaficha kwamba iliharibika baadaye. Wakubwa walishindana kutoa mabunda ya noti ili wapigiwe makofi, na wadogo walilazimishwa kutoa. Sheria ya maadili ya mwaka 2003 iliwakataza maofisa wa umma kutumia vyeo vyao kuchangisha.

Mimi mwenyewe nilihudhuria mchango mmoja katika mitaa hii, wa kumpeleka kijana chuoni. Kulikuwa na ngoma, kulikuwa na mnada wa jogoo, na msomaji wa majina alipaza sauti kila alipofika kwa mtu wa gari. Mwisho alisoma kwa haraka jina la mama mmoja muuza mboga na fedha zake chache. Mzee mmoja akasimama nyuma ya ukumbi, akasema, "Mwanangu, hilo hatukulisikia. Lirudie." Likarudiwa.